Kwa Bwana Mchwa

Lami iliniacha pale Ole, ama mimi niliiacha,
sijui nani alimchoka mwenzake.
Nikakata kulia, penye duka lililofungwa
na kibati cha soda kilicholiwa na kutu,
nikaingia udongoni.

Honda hii ni ya baba.
Hamsini. Nyekundu zamani; sasa rangi yake ni ya njia.
Kiti kimeshonwa mara tatu na Fundi Mbarouk wa Chake,
na kila akishona hunambia:
"Iuze, mwanangu. Hii haina bei tena, ina umbea tu."

Baba alikuwa bwana shamba.
Miaka ishirini na sita alizipita njia hizi
akihesabu mikarafuu iliyokufa na iliyokataa kufa,
akizijua kwa majina ambayo ramani haikuyauliza:
Mteremko wa Wifi. Punda Kaanguka. Nyumanyuma.
Nilikuwa nikiyasikia chakulani,
nikidhani anatutania.

Leo nayatafuta.
Gia ya pili, ya kwanza, miguu nimeitanua kama kaa
penye tope la mvua ya jana.
Migomba inanipapasa mabega.
Bonde linafunguka ghafla: mpunga, yangeyange sita,
wala hawaruki. Wamezoea kelele hii moja
tangu enzi zake,
au ndivyo nipendavyo kuamini.

Mtu akiwa peke yake juu ya pikipiki husema.
Nilimuuliza baba, ndani ya kofia ngumu:
breki ya nyuma haishiki, uliishi nayo vipi?
Kofia ikanirudishia pumzi yangu mwenyewe,
ya moto, yenye harufu ya uji wa asubuhi.

Halafu njia ikaisha.
Si kwamba ilikufa; ilitandikwa.
Majamvi manne, ukingo hadi ukingo,
na karafuu juu yake, zimelala zinakoza rangi.
Pemba kuna mambo hayahitaji kibao.

Nikazima injini.
Kimya kikashuka kizima kizima,
kama pakacha lililokatika kamba.
Kwanza nikayasikia masikio yangu,
kisha kuku,
kisha mtu anakohoa nyuma ya ua wa makuti.

Bi Mize Shaame alitoka na ufagio mkononi,
akaitazama Honda kabla hajanitazama mimi.
"Hiyo ya Khatibu."
Hakuwa anauliza.
Sikumwambia kuwa tumemzika Shaabani;
uso wangu, nadhani, ulishasema.
Akainama, akakunja ncha ya jamvi la kwanza, la pili,
mpaka ukapatikana uchochoro wa upana wa tairi.

"Sukuma. Hata yeye alikuwa akisukuma.
Na kila mwaka akisema, safari ijayo
nakuletea dawa ya mchwa."
Akanionesha nguzo ya baraza kwa mpini wa ufagio.
Nguzo ilikuwa imebaki ganda.
"Wapo," akasema. "Hawajambo."

Nikasukuma.
Jasho, harufu kali ya karafuu hadi kooni,
punje tatu zikajibana kwenye meno ya tairi.

Upande wa pili kijana mdogo, Asaa,
alikaa juu ya gunia, ana fimbo, anafukuza kuku
kwa uvivu wa mtu anayelipwa.
"Njia hii yaenda wapi?"
"Yaenda kwetu."
"Na ikitoka kwenu?"
Akafikiri, akajikuna goti.
"Haitoki."

"Na hapa, panaitwaje?"
"Kwa Bwana Mchwa."
Alisema hivyo hivyo, bila kucheka,
kama mtu anavyotaja Wete au Konde.

Jina hilo chakulani hakutwambia.

Nikapiga kiki. Ya tatu ikawaka.
Nikageuza, nikazima tena, maana majamvi yalikuwa pale pale,
na Bi Mize keshainama kuyakunja upya,
ananung'unika kitu juu ya watu wa ukoo huu.

Jumatatu nitapita Chake, dukani,
niulize lita moja inauzwaje.